Nyumba za Kupanga: Kifaa Kihesabu, Kisitawale

Yeyote aliyepata kukaa jioni moja barazani kwa balozi wa nyumba kumi mjini Kibiti amesikia kesi ya umeme. Wapangaji wanne wa nyumba moja hufika wakiwa wamenuniana. Wa kwanza ana friji, anauza barafu na juisi ya ukwaju. Wa pili ana taa moja na redio. Wa tatu ni mwalimu, hupiga pasi kila alfajiri kwa kuwa hana budi kuingia darasani akiwa nadhifu. Wa nne ni mvuvi. Amerudi jana kutoka dago baada ya wiki mbili na kukuta anadaiwa umeme ambao hakuuwasha. Wote wanne wametakiwa kuchanga kiasi kimoja. Mwenye nyumba anaishi Mbagala, na hukumu yake imekwisha kufika kwa simu: asiyetaka kuchanga ahame.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo madogo yasiyostahili wino wa gazeti. Sisi hatukubaliani nao. Ndani ya ugomvi huo wa shilingi elfu tano mna swali kubwa la haki: nani apime, nani akijue kipimo, na nani awe na mkono juu ya swichi? Swali hilo linazidi kuwa zito kila mwaka, maana vyombo vinavyoitwa vifaa janja vimekwisha kuingia katika nyumba za kupangisha. Iko mita ndogo impayo mwenye nyumba hesabu ya kila chumba katika simu yake. Liko kufuli lifunguliwalo kwa tarakimu badala ya ufunguo. Iko kamera imwonyeshayo mtu aliye mbali nani kaingia na nani katoka. Iko swichi inayozima umeme wa chumba cha Kibiti kwa kidole kilichoko Dar es Salaam. Vitu hivi vinauzwa madukani Kariakoo, na barabara ya Kilwa haina lango la kuvizuia. Ni heri tuviwekee utaratibu wakati vingali vichache.

Rai yetu ni moja. Kifaa ndani ya nyumba ya kupanga ni chema, na tukipokee, kinapohesabu kwa ajili ya pande zote mbili. Kifaa hichohicho ni dhuluma pale kinapompa mmoja amri juu ya mwanga, maji na mlango wa mwenzake.

TULIKOTOKA

Kupangishana vyumba si mila kongwe ya bonde la Rufiji. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, Serikali iliendesha Operesheni Rufiji, na wananchi wengi waliokuwa wakilima na kulala bondeni wakahamia nyanda za juu, katika vijiji vilivyopangwa. Watu walijenga kwa miti, udongo na makuti, kwa mikono yao na ya majirani zao. Hapakuwa na mtu wa kumdai jirani yake kodi ya paa.

Mji ndio ulioleta kodi. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, safari ya Lindi na Mtwara iliacha kungojea kivuko cha Ndundu. Wilaya ya Kibiti ilipomegwa kutoka Rufiji, walikuja watumishi wa halmashauri, walimu na wauguzi. Wakaongezeka madereva, wanunuzi wa korosho na ufuta, na wachuuzi wa samaki na kamba kutoka delta. Wote hao walihitaji pa kulala, na mwenye kiwanja akajenga vyumba vya kupangisha.

Taifa lenyewe limebishana juu ya jambo hili kwa zaidi ya nusu karne. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, kwa hoja kwamba anayeishi kwa kodi ya mwenzake hawezi kumtetea mwenzake huyo. Mwaka 1971 sheria ikataifisha majumba ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000, na Msajili wa Majumba akakabidhiwa kuyasimamia. Kazi hiyo iliingizwa katika Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Mwaka 1991, kwa maamuzi yaliyofanyika Zanzibar, masharti yale ya viongozi yakalegezwa. Sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba, iliyokuwa na mabaraza yake ya kusikiliza mashauri, ilifutwa mwaka 2005.

Hatuyataji haya ili kuwaita wenye nyumba wa leo kupe. Mjane wa Bungu anayepangisha vyumba viwili ili asomeshe wajukuu si bepari. Tunayataja ili msomaji aone mahali tulipo. Kinga za zamani zimeondoka. Kilichobaki ni Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, inayompa mpangaji haki ya kukaa kwa utulivu bila kubughudhiwa, na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwa mwenye shauri. Zaidi ya hapo, mpangaji na mwenye nyumba wameachiwa makubaliano yao, na mara nyingi makubaliano hayo ni ya mdomo. Hapo penye karatasi chache ndipo mashine inapoingia. Isipowekewa sharti, mashine itakuwa ndiyo sheria.

MITA MOJA, WATU WANNE

Tuanze na kifaa tunachokifahamu. Mita ya LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, imekuwa nasi tangu miaka ya 1990. Jina lake ni ahadi: kila mtu alipe alichotumia. Katika nyumba ya mwenyewe ahadi hiyo hutimia. Katika nyumba ya wapangaji wanne wenye mita moja huvunjika siku ya kwanza, kwa kuwa mita inajua nyumba tu. Haimjui mwenye friji wala mwenye redio.

Hasara yake haiishii katika manung'uniko. Kwa viwango vya bei vilivyoanza mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani, ambaye matumizi yake kwa wastani hayazidi uniti 75 kwa mwezi, huuziwa uniti moja kwa shilingi 100, kabla ya kodi na tozo. Mteja wa kawaida huuziwa uniti hiyohiyo kwa shilingi 292. Sasa tufanye hesabu. Wapangaji wetu wanne, kila mmoja akitumia uniti 30 kwa mwezi na akiwa na mita yake, wangelipa shilingi 3,000 kila mmoja, jumla shilingi 12,000. Wakiwekwa katika mita moja matumizi yao ni uniti 120. Nyumba hiyo haihesabiwi tena kuwa ya mteja mdogo, na kwa shilingi 292 jumla inakuwa shilingi 35,040. Tofauti ni shilingi 23,040 kila mwezi. Fedha hizo hazikununua hata uniti moja ya ziada. Ni adhabu wanayolipa watu wa kipato cha chini kwa kuwa hawana mita ya kila chumba, na nafuu iliyowekwa kwa ajili yao inawapita mlangoni.

Hapa ndipo inapotakiwa hadhari juu ya mita ndogo za ndani, ambazo mafundi huzifunga nyuma ya mita ya TANESCO. Kwa upande mmoja zinaleta faida ya kweli: mwenye barafu atalipia barafu yake, na mvuvi aliyekuwa dago hatadaiwa. Jijini Nairobi mita za namna hii zimeenea katika majengo ya kupangisha, na mpangaji hununua tokeni yake kwa simu. Lakini mita ya ndani hairudishi nafuu ya mteja mdogo, maana kwa TANESCO nyumba ingali mteja mmoja. Tena humfanya mwenye nyumba kuwa muuzaji wa umeme. Bei za umeme nchini huidhinishwa na EWURA baada ya maombi kusikilizwa hadharani. Bei ya mita ya ndani huidhinishwa na nani? Akiamua kuuza uniti kwa shilingi 500, mpangaji atamlalamikia nani? Na mita hiyo ikikimbia kuliko haki, nani aliyeipima?

Tuliosoma chuoni tulifundishwa mapema uzito wa dhambi ya kupunja vipimo. Iko sura nzima ya Kurani iliyopewa jina la wapunjaji. Mzani wa korosho ukichezewa, wakulima wa Kibiti hupiga kelele hadi makao makuu ya mkoa. Mita ya umeme nayo ni mzani. Kuhakiki vipimo vinavyotumika katika biashara ni kazi ya Wakala wa Vipimo, na mita ya kumuuzia mpangaji umeme ni kipimo cha biashara kama ulivyo mzani wa samaki pale Nyamisati. Hapana sababu ya mmoja kukaguliwa na mwingine kufichwa nyuma ya mlango wa korido.

Iko pia habari ya rimoti. Katika nyumba nyingi mita yenyewe iko juu ya nguzo, na kitufe cha kuingizia tarakimu kimo ndani ya chumba kimoja. Mwenye chumba hicho akisafiri na kufunga mlango, wenzake watanunua umeme na kuushika mkononi kama risiti tu, huku nyumba ikiwa giza. Jambo hili lilionekana wazi mwaka 2024. Mita za malipo ya kabla za mfumo huu, hapa na ng'ambo, ziliundwa zikihesabu dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993, na nafasi ya hesabu hiyo ilikuwa ijae tarehe 24 Novemba 2024. Ilimlazimu kila mteja aingize makundi mawili ya tarakimu 20 ili mita yake iboreshwe, vinginevyo isingepokea umeme mpya. Katika nyumba za kupanga zilizoachwa na wenyewe, wajibu huo uliwaangukia watu ambao jina lao halimo katika mita. Waliufanya. Ni haki basi watambuliwe kuwa ndio watumiaji.

Kodi ya majengo nayo imepita katika mlango huohuo. Tangu Agosti 2021 kodi hiyo hukatwa katika ununuzi wa LUKU: ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapandishwa kuwa shilingi 1,500. Kodi ni ya mwenye jengo. Mashine, kwa kuwa haina macho, humkata anayenunua umeme, naye ni mpangaji. Serikali ilipoulizwa ilieleza kwamba mpangaji na mwenye nyumba wapatane. Lakini ni wapangaji wangapi wa Kibiti waliowahi kurudishiwa shilingi 18,000 zao mwisho wa mwaka, au kupunguziwa katika kodi ya chumba? Mpangaji asitunze risiti kwa aibu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

UMEME WA REJAREJA, CHUMBA CHA JUMLA

Tunaomba msomaji aangalie jambo moja la ajabu. Mtu wa Kibiti leo anaweza kununua umeme wa shilingi elfu moja, muda wa simu wa shilingi mia tano, na maji kwa ndoo. Malipo kwa simu, ambayo M-Pesa iliyafungulia njia nchini mwaka 2008, yamefanya fedha ndogo itembee haraka kuliko basi. Lakini chumba bado kinauzwa kwa jumla. Muuguzi aliyepangiwa kituo kipya huambiwa alete kodi ya miezi sita, pengine ya mwaka mzima, na juu yake kodi ya mwezi mmoja ya dalali. Kwa chumba cha shilingi 30,000, miezi sita na dalali ni shilingi 210,000, kabla hajanunua hata kitanda.

Wenye nyumba wana hoja yao, na tusiidharau. Wanasema kwamba kufuata kodi ya kila mwezi ni kazi ya kubembeleza; kwamba mpangaji huhama usiku na kuacha deni; kwamba mwenye nyumba aliye Mbagala hawezi kupanda basi kila tarehe mosi kwa ajili ya shilingi 30,000. Zamani hoja hiyo ilikuwa na nguvu. Leo simu imeiondolea nguvu. Malipo ya kila mwezi yanaweza kuingia pasipo mtu kusafiri, ujumbe wa kukumbusha ukatumwa, na kumbukumbu ikabaki kwa wote wawili. Anayetaka kweli kuipeleka nyumba yake katika karne hii na aanzie hapo. Ni ajabu mtu kununua swichi ya kuzima umeme wa mpangaji kwa mbali na papo hapo kudai kwamba hawezi kupokea kodi yake kwa mbali.

DELTA NA UFUNGUO WA CHUMA

Tukishuka kutoka barabara ya lami kuelekea Nyamisati, na kutoka hapo kwa mashua kwenda Salale, Kiomboni au Mbwera, tunafika mahali ambapo mambo hubadilika kwa maji kupwa na kujaa. Hii ni nchi ya mikoko. Msitu wa mikoko wa delta ya Rufiji ni mkubwa kuliko wowote katika Afrika Mashariki. Vyumba hupangishwa kwa mnunuzi wa kamba, kwa mwalimu aliyehamishwa, kwa msafiri wa Mafia aliyekosa chombo. Katika visiwa hivyo taa nyingi hutoka juani.

Wakazi wa visiwani Afrika Mashariki wamekwisha kukijua kifaa kinachotii mtu aliye mbali, hata kabla ya wakazi wa maghorofa. Tangu mwaka 2012, kampuni ya M-KOPA ilipoanza nchini Kenya kuuza mitambo ya jua kwa malipo ya kila siku kwa simu, biashara ya namna hiyo imeenea pia kwetu. Mtambo una kadi ya simu ndani yake. Ukilipa huwaka, usipolipa huzimwa kutoka ofisini. Mpango huo umewapa taa watu ambao wasingeweza kununua mtambo kwa fedha taslimu, nasi tunausifu kwa hilo. Lakini umetufundisha pia maana ya kuzimiwa taa na mtu usiyeweza kumwendea barazani kumweleza kwamba mvua imekunyima bahari wiki nzima. Kampuni ya mitambo huzima taa zake yenyewe, kwa mkataba uliosainiwa. Mwenye nyumba akipewa uwezo huohuo pasipo mkataba, anaweza kumtoa mpangaji kwa giza bila kumshitaki popote.

Tena ziko hatari za nchi yenyewe. Katika muda usiozidi wiki sita za mwaka 2024 tulipewa somo kamili. Tarehe 1 Aprili Gridi ya Taifa ilipata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikawa gizani. Mwezi huohuo mafuriko yalizifunika nyumba na mashamba ya Rufiji na Kibiti, na familia nyingi zikatafuta hifadhi penye miinuko. Tarehe 4 Mei kimbunga Hidaya kiliipiga pwani yetu, kikaanzia Mafia. Tarehe 12 Mei nyaya za intaneti zilizo chini ya bahari ziliharibika, na mawasiliano yakazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Mto Rufiji hivi sasa unaendesha mitambo tisa ya Bwawa la Julius Nyerere yenye uwezo wa megawati 2,115, na hilo ni fahari ya Taifa zima. Lakini umeme wa kutosha bwawani si dhamana kwamba nguzo ya Ruaruke haitaanguka kwa upepo.

Sasa jiulize: katika wiki zile, mama aliyerudi chumbani na mtoto mgonjwa akakuta mlango wenye kufuli la tarakimu linalongoja mtandao, angefanya nini? Kwa hiyo tunasema bila kusita kwamba hapana mlango wa mpangaji, mjini au visiwani, unaopaswa kukosa ufunguo wa chuma. Hata matajiri wa dunia wamefikia shauri hilo. Mjini New York mwaka 2019, wapangaji watano wa jengo moja la Manhattan walimshitaki mwenye nyumba aliyewawekea kufuli la simu. Mmoja wa wakazi alikuwa mzee wa miaka 93 asiyeweza kulitumia. Shauri likaisha kwa mapatano: wapewe funguo za chuma.

HODI

Nyumba ya kupanga ni nyumba. Mtu akiisha kulipa kodi, chumba kile ni sitara yake na ya watoto wake, na mwenye jengo hubisha hodi kama mgeni mwingine yeyote. Hodi yetu ina mizizi mirefu. Dini zetu zinaiagiza, mila za Pwani zinaiagiza, na Katiba ya nchi, katika Ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu na ya maskani yake. Kamera ni jicho lisilobisha hodi. Mita inayotuma hesabu kila saa nayo husema mengi: mpangaji ameamka lini, amelala wapi, amekuwa na wageni au la.

Wako watakaotukumbusha usalama, na katika Kibiti hapana anayeruhusiwa kulizungumza neno hilo kwa wepesi. Miaka ya 2016 na 2017 viongozi wa vijiji na vitongoji waliuawa katika wilaya zetu hizi, na jioni ya tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa siku moja. Familia zao zingalipo nasi. Ni kweli kabisa kwamba mwenye nyumba lazima amjue anayelala katika nyumba yake. Lakini kumjua mtu huanza kwa kukutana naye. Mfumo wa nyumba kumi, ambao TANU iliuanzisha katika miaka ya 1960, ulisimama juu ya jambo hilo: mgeni hupelekwa kwa balozi, huandikwa daftarini, huulizwa atokako na kazi yake, na yeye mwenyewe anajua kwamba ameandikwa. Mwenye nyumba asiyewahi kuonana na mpangaji wake, anayepokea fedha kutoka kwa dalali na kutazama picha za korido akiwa Mbagala, hajaimarisha usalama wa mtu. Kamera itamwonyesha sura, haitamwambia jina.

Hatukatazi kamera ya lango la nje, ikiwa wakazi wameambiwa na bango limewekwa. Tunakataza jicho la siri, na jicho la ndani. Sheria iko upande wetu: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa sababu halali anayoijua, na zisitumiwe kwa kazi nyingine. Ng'ambo nako wapangaji wamesimama kwa jambo hilihili. Mwaka 2019 wakazi wa majengo ya Atlantic Plaza Towers, Brooklyn, waliukataa mpango wa kufunguliwa milango kwa kutambuliwa sura, na mwenye majengo akauacha. Mwaka 2021 jiji hilo la New York likatunga sheria ya kulinda taarifa za wapangaji zinazokusanywa milangoni. Wapangaji wale hawakuwa mabingwa wa mitambo. Walikuwa majirani waliokaa kikao wakakubaliana.

YANAYOPASWA KUFANYWA

Kwanza, kila mpangaji mwenye chumba au sehemu inayojitegemea apate mita yake ya TANESCO, kila inapowezekana. Wenye nyumba wanaojenga sasa waandae nyaya tangu msingi, maana kurekebisha baadaye ni ghali. Wakifunga mita kadhaa, waitaarifu mamlaka ya kodi ili jengo moja lisitozwe kodi ya majengo zaidi ya mara moja.

Pili, mahali ambapo mita ndogo ya ndani haiepukiki, iwekwe mahali ambapo mpangaji anaweza kuisoma wakati wowote, na bei ya uniti iwe ileile ambayo nyumba imelipa, bila nyongeza. Anayeipokea hesabu kwa simu aipeleke pia katika simu ya mpangaji. Hesabu inayoonwa na upande mmoja haijawa hesabu.

Tatu, umeme, maji na mlango visitumiwe kuwa fimbo ya kudaia kodi. Mwenye deni apewe notisi kwa maandishi, apelekwe kwa balozi na kwa mwenyekiti wa kitongoji, na ikishindikana aende Baraza la Ardhi na Nyumba. Njia hiyo ni ndefu kuliko kubonyeza simu, na imewekwa ndefu ili aliye dhaifu naye apate kusikilizwa.

Nne, kodi ya nyumba ipokewe kwa mwezi, au kwa miezi mitatu kwa wanaoafikiana, na risiti ya simu ikubaliwe kuwa ushahidi. Kodi ya majengo iliyokatwa katika LUKU ya mpangaji irudishwe kwa kupunguzwa katika kodi ya chumba.

Tano, pawe na mkataba wa maandishi, japo wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, unaotaja kila kifaa kilichomo: kinapima nini, kinamwambia nani, nani anaweza kukizima. Halmashauri yetu inaweza kuchapisha mfano wa mkataba huo na kuugawa kwa watendaji wa vijiji na kata pasipo kungoja sheria mpya kutoka Dodoma. Balozi aweke nakala moja.

Mashine hazitarudi zilikotoka, wala hatuna haja ya kuzirudisha. Mpangaji anayeona uniti zake mwenyewe huzima taa mwenyewe. Mwenye nyumba anayepokea kodi yake kwa wakati hupaka rangi ukuta wake. Hayo ni maendeleo, na Kibiti inayastahili kama Dar es Salaam inavyoyastahili. Lakini wale wapangaji wanne waliokaa barazani kwa balozi hawakufika kuomba kamera wala kufuli la tarakimu. Waliomba kila mmoja alipe chake na alale bila hofu ya kuzimiwa. Halmashauri, TANESCO na wenye nyumba wana uwezo wa kuwapa hayo mwaka huu huu, kwa mita, karatasi na mhuri wa kitongoji. Kazi na ianze.